Seva ya Nane

Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012, kabla soko la hisa la New York halijafunguliwa, kompyuta za kampuni ya Knight Capital zilianza kutuma barua pepe kwa wafanyakazi wake. Ya kwanza iliingia saa mbili na dakika moja hivi, saa za huko. Kufikia saa tatu unusu, soko lilipofunguliwa, zilikuwa zimefika 97, na zote zilitaja kitu kimoja: Power Peg, na kwamba imezimwa. Hakuna aliyeshtuka. Barua hizo hazikuwa zimepangwa ziwe kengele ya hatari, na si unajua barua zinazotumwa na mashine? Watu huziacha zirundikane.

Soko likafunguka. Katika dakika 45 zilizofuata, Knight ilinunua na kuuza hisa kama mtu aliyerukwa na akili. Oda 212 za wateja wa kawaida ziligeuka mamilioni ya oda. Biashara milioni 4 zikafanyika, hisa za kampuni 154, jumla ya hisa zaidi ya milioni 397. Walipofanikiwa kuzima mitambo, Knight ilikuwa imeshika mabilioni ya dola ya hisa ambazo haikuzitaka, na wakati huohuo inadaiwa nyingine ambazo haikuwa nazo. Hasara ilipita dola milioni 460. Kwa bei ya dola ya wakati ule, hiyo ni kama shilingi bilioni 38 zetu. Mmoja wa madalali wakubwa wa hisa Marekani akamaliza wiki hiyo akitafuta wa kumwokoa.

Chanzo chake ni kwamba kulikuwa na seva nane, na fundi alinakili programu mpya kwenye saba.

Hiyo tu. Siku chache kabla, kuanzia tarehe 27 Julai, mafundi wa Knight walikuwa wakiweka programu mpya kwenye seva zao, moja baada ya nyingine, kwa mkono. Ya nane ikasahaulika. Ndani yake mlibaki msimbo wa zamani uitwao Power Peg, ambao kampuni iliacha kuutumia mwaka 2003 lakini haikuwahi kuufuta. Ubaya zaidi, programu mpya ilitumia tena swichi ileile iliyokuwa ikiwasha Power Peg. Kwa hiyo seva saba zilipoona swichi imewashwa zilifanya kazi mpya, na ya nane ikaamka kutoka usingizi wa miaka tisa ikaendelea na kazi yake ya zamani. Na kile kipande cha msimbo kilichokuwa kikihesabu oda na kuiambia Power Peg kwamba inatosha, acha sasa, kilikuwa kimehamishiwa kwingine mwaka 2005. Haikuwa na wa kuiambia iache.

Ripoti ya SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani, ilitoka Oktoba 2013 pamoja na faini ya dola milioni 12. Fundi yule hatajwi kwa jina. Anaitwa fundi mmoja wa Knight, basi. Ripoti inasema kwamba hakukuwa na fundi wa pili wa kukagua kazi yake, na kwamba Knight haikuwa na utaratibu wowote ulioandikwa wa kudai ukaguzi huo. Mimi nilifurahi kukuta jina halimo, maana stori hii ikishapata jina la mtu inageuka stori ya uzembe, na tunaacha kuuliza swali la maana: kwa nini kampuni inayochezea mabilioni kila siku ilikuwa inategemea kumbukumbu ya mtu mmoja kuhesabu hadi nane?

Kulijibu, lazima kwanza tuelewe kwa nini kuna seva nane hata kidogo.

Programu unayotumia kwenye simu, ya benki, ya teksi, ya kuagiza chakula, inaonekana kitu kimoja. Kwa ndani imekaa kama hoteli ya mtaani. Mbele kuna mhudumu anayekukaribisha na kuchukua oda. Nyuma yake kuna jikoni, ambako kazi yenyewe inafanyika. Nyuma ya jikoni kuna stoo, ambako unga, mafuta na daftari la madeni vimefungiwa. Mteja haingii jikoni, na mhudumu haingii stoo. Watu wa kompyuta wanayaita haya matabaka: tabaka la uso, tabaka la kazi, tabaka la data. Hoteli ikipata wateja wengi unaongeza wahudumu wanne na wapishi wawili, na mlangoni unamweka mtu wa kugawa wateja kwenye meza. Kila mmoja wa hao sasa ni seva.

Kuna mambo mawili hapo yanayowasumbua watu tangu zamani. La kwanza ni mpangilio. Huwezi kufungua mlango kabla jiko halijawaka, na jiko haliwaki kabla stoo haijafunguliwa. Kila tabaka lazima lijue anwani ya lile lililo nyuma yake, nenosiri lake, na toleo lake. La pili ni ulinganifu. Wahudumu wako wakiwa wanane, wote lazima wawe na menyu moja. Knight ilikuwa na wahudumu saba wenye menyu ya 2012 na mmoja mwenye menyu ya 2003.

Kitendo cha kutoa programu kwa aliyeiandika na kuiweka kwenye seva ambako watu wataitumia kinaitwa kudiploi. Hapa nitasema kupandisha, kwa sababu ndicho kinachofanyika: unaipandisha kule juu na kuomba Mungu. Kwa miaka mingi kupandisha kulifanywa usiku, mara nyingi wikendi, na mtu mwenye daftari la hatua. Ingia seva ya kwanza. Simamisha programu. Nakili faili. Badilisha mstari huu. Washa. Angalia. Ingia seva ya pili. Daftari halikuwahi kuwa kamili, kwa sababu aliyeliandika alijua mambo ambayo hakuona haja ya kuyaandika. Ndiyo maana kila ofisi ilikuwa na jamaa mmoja asiyeweza kwenda likizo. Nairobi wapo mpaka leo. Nimekaa na marafiki Roysambu usiku wa Ijumaa nikiwaona wakipandisha tovuti ya mteja faili kwa faili, mmoja akisoma hatua kwenye simu, mwingine akibonyeza. Ukiuliza kwa nini hatua ya sita inafanywa kabla ya ya tano, jibu ni kwamba ndivyo inavyokubali.

Mtu wa kwanza ninayetaka umjue katika stori hii ni mwanafizikia. Mark Burgess, Mwingereza, alikuwa Chuo Kikuu cha Oslo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na pamoja na fizikia yake akajikuta anatunza kompyuta za idara. Zilikuwa za aina tofauti, kila moja na lahaja yake ya Unix, na kila kazi ndogo ilihitaji orodha yake ya maagizo. Mwaka 1993 akaandika chombo akakiita CFEngine. Wazo lake lilikuwa rahisi kulitamka. Badala ya kuiambia kompyuta fanya hiki, halafu hiki, halafu hiki, mwambie unavyotaka iwe. Faili hii iwepo. Huduma ile iwe inawaka. Kisha chombo kinajikagulia kila baada ya muda: kama hali iko sawa hakigusi kitu, kama imepinda kinainyoosha.

Ukifikiria vizuri, hayo ni mageuzi ya sarufi. Maagizo yanakuwa maelezo. Agizo ukilirudia mara mbili linaweza kuharibu: mwambie mtu aongeze chumvi, halafu usahau kama ulishamwambia. Maelezo hayana shida hiyo. Ukisema taa iwe imezimwa, unaweza kusema mara mia, taa itabaki imezimwa. Fundi wa Knight alikuwa anafanya maagizo, moja hadi nane. Chombo cha namna ya Burgess kingekuwa na sentensi moja, kwamba seva zote ziwe na toleo jipya, na kingeendelea kuisoma sentensi hiyo usiku kucha. Ya nane ingeonekana imepinda kabla kuku hawajawika. Na CFEngine ilikuwa na umri wa miaka 19 Knight ilipoanguka.

Wengine walikuja juu ya wazo hilo. Luke Kanies alitoa Puppet mwaka 2005, Chef ikafuata 2009, na 2012, mwaka uleule wa Knight, Michael DeHaan akatoa Ansible. Jina hilo la mwisho lina asili inayofaa gazeti hili: neno ansible lilitungwa na Ursula K. Le Guin katika riwaya yake ya kwanza, mwaka 1966, kuita mtambo wa kuwasiliana papo kwa hapo kati ya nyota na nyota. Programu ya kutuma maneno kwa kompyuta za mbali ikabatizwa kwa neno la mwandishi wa hadithi. Sisi tulioacha kompyuta tukaenda kuandika tunajisikia vizuri kidogo tukisikia hivyo.

Lakini vyombo vyote hivi vilikuwa na mpaka mmoja. Viliweza kuipanga seva ambayo ipo. Havikuweza kuifanya seva itokee. Kwa hilo ulihitaji kununua chuma, kusubiri kisafirishwe, kukifunga kwenye kabati, kuvuta nyaya. Wiki, pengine miezi. Maelezo yako yangeweza kusema nataka seva nane, lakini neno nane lilikuwa bado jambo la lori na bisibisi.

Mpaka huo ulivunjwa na watu waliokuwa wameketi Cape Town.

Hapa watu wengi hudhani nawatania. Mwaka 2003, Chris Pinkham, Mwafrika Kusini aliyekuwa akiongoza kazi ya miundombinu Amazon, aliandika pamoja na Benjamin Black pendekezo la namna Amazon inavyoweza kuendesha kompyuta zake kwa utaratibu mmoja wa kujiendesha, na hata kuuza nafasi humo kwa watu wa nje. Kisha Pinkham akataka kurudi kwao. Badala ya kumwacha aende zake, Amazon ilimwacha afungue ofisi Cape Town, akaunda kikosi pamoja na Christopher Brown, Willem van Biljon na wengine. Kazi yao ilizinduliwa Agosti 2006 kwa jina EC2: unaomba kompyuta kwa mstari wa maandishi, inatokea baada ya dakika chache, unalipa kwa saa. Bei ya kwanza ilikuwa senti 10 za dola kwa saa, kama shilingi saba za wakati ule. Ukimaliza unairudisha na inatoweka. Hilo ndilo tulilokuja kuliita wingu.

Wingu hilo, basi, kwa sehemu kubwa lilifumwa Afrika. Halikukaa Afrika. Mashine zenyewe zilikuwa Virginia, mashariki mwa Marekani. Baadaye zikaongezwa Ireland, Asia, Amerika Kusini. Amazon ilifungua kituo chake cha kwanza cha aina hiyo barani mwetu Aprili 2020, kule kule Cape Town, miaka 14 baada ya EC2 kutoka mikononi mwa watu wa mji huo. Katika muda huo kijana wa Nairobi aliyetaka kupandisha programu ya kuuza mitumba kwa watu wa Nairobi aliipandisha Ireland au Virginia, na kila mteja wa Gikomba alipobonyeza kitufe ombi lake lilivuka bahari likarudi. Hatukuwa peke yetu wala haikuwa kwa wadogo tu. M-Pesa yenyewe iliendeshwa kutoka kwenye seva zilizokuwa Ujerumani hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Miaka ya kumtumia mama pesa kupitia Ujerumani.

Narudi kwa EC2, kwa sababu ilibadilisha maana ya neno seva. Ikiwa kompyuta inaweza kuombwa kwa maandishi, basi hoteli nzima, mhudumu, jikoni na stoo, inaweza kuwa maandishi. Aprili 2008 kampuni changa ya video, Animoto, ilivamiwa na watumiaji wa Facebook, na ndani ya siku chache ikatoka seva kama 50 hadi zaidi ya 3,000. Hakuna kikosi cha mafundi kinachoweza kunakili faili kwa mkono kwenye seva elfu tatu katika siku chache. Walitumia programu iliyoongeza seva yenyewe, kila mpya ikijivika nguo zake na kujiunga na foleni ya kazi. Ile ajali ya seva ya nane ilihitaji idadi ambayo mtu anaamini anaweza kuihesabu. Ukifika elfu tatu hakuna anayejidanganya.

Februari 2011 Amazon ikatoa CloudFormation. Unaandika faili moja inayoeleza hoteli yako yote: hifadhidata ya ukubwa huu, seva za kazi ngapi, nani anaruhusiwa kuongea na nani. Chombo kinasoma faili hiyo na kujitafutia mpangilio wake. Kikiona seva ya kazi inataja anwani ya hifadhidata, kinajua hifadhidata lazima izaliwe kwanza. Hatua ya sita kabla ya ya tano, lakini safari hii kuna sababu na sababu imeandikwa. Amri moja inajenga vyote, amri moja inabomoa vyote. Mwaka 2014 Mitchell Hashimoto na Armon Dadgar wakatoa Terraform, yenye wazo kama hilo lakini isiyofungwa kwa mwenye wingu mmoja.

Kuna upande wa stori hii ambao siupendi sana kuusimulia kwa sababu umejaa makongamano, kwa hiyo nitaupitia haraka. Juni 2009, John Allspaw na Paul Hammond wa Flickr walisimama jukwaani San Jose wakasema kampuni yao inapandisha programu zaidi ya mara kumi kwa siku. Wakati huo kampuni nyingi zilifanya hivyo mara chache kwa mwaka, kwa hofu na swala. Mbelgiji mmoja, Patrick Debois, alifuatilia akiwa kwao, na Oktoba mwaka huo akaandaa mkutano Ghent uliozaa neno DevOps. Hoja yao ilikuwa ya busara: ukipandisha kitu kikubwa mara moja kwa mwaka, kikivunjika hujui ni kipi kati ya mabadiliko elfu. Ukipandisha kidogo kila siku, unajua ni kile cha saa nne asubuhi. Neno lenyewe siku hizi limeshakuwa cheo cha kuwekwa kwenye CV.

Enzi hiyohiyo ilizaliwa methali inayorudiwa katika kila somo la wingu. Unasemwa ulianzia kwa Bill Baker, aliyekuwa Microsoft, na Randy Bias akausambaza: seva za zamani zilikuwa kama wanyama wa kufugwa nyumbani, zina majina, zikiugua unazitibu. Za sasa ni ng'ombe. Zina namba, ikiugua moja unaipiga risasi na kuleta nyingine. Nikiisikia huwa najiuliza huyu aliwahi kukutana na mfugaji gani. Kwa Wapokot na Waturkana mwanaume huweza kuitwa kwa jina la dume lake ampendaye. Anajua rangi yake, pembe zake, na anaimba habari zake. Ng'ombe asiye na jina ni ng'ombe wa shamba la nyama huko Texas. Methali ingefanya kazi vizuri zaidi kwetu kama wangesema kuku wa gredi.

Lakini hoja iliyo chini yake ni nzito, na Knight inaonyesha uzito huo vizuri kuliko kongamano lolote. Asubuhi ile ya Agosti, mafundi walipoona moto, walifanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelifikiria. Waliamini tatizo ni programu mpya, kwa hiyo waliiondoa. Waliiondoa kwenye zile seva saba ambako ilikuwa imewekwa vizuri. Sasa zote nane zikawa na msimbo wa zamani, swichi bado imewashwa, na Power Peg ikawaka kila mahali. Hawakuwa wajinga. Hawakuwa na mahali popote palipoandikwa kila seva ina nini ndani yake. Kila mmoja alikuwa na picha kichwani, na picha zote zilikuwa za seva nane zinazofanana.

Hapo ndipo ninapoona thamani halisi ya kazi ya Burgess na ya watu wa Cape Town, kuliko kasi wanayoisifia wauzaji. Kitu kilichokuwa kichwani mwa mtu mmoja kiliwekwa kwenye karatasi ambayo mwenzake anaweza kuisoma, kuihoji na kuikataa kabla haijatekelezwa. Fundi wa pili ambaye SEC ilisema hakuwepo, sasa yumo ndani ya utaratibu: faili hiyo haipandi hadi mtu mwingine aisome na kuikubali. Na faili zinasambaa. Mwanafunzi aliye Kisumu akiwa na bando anaweza kufungua kiolezo cha jinsi kampuni kubwa inavyopanga matabaka yake, akakinakili, akakibadilisha. Maarifa hayo zamani yalipatikana kwa kuajiriwa tu, na kumnunulia chai yule jamaa asiyekwenda likizo.

Machi 2013 Solomon Hykes alionyesha Docker kwa dakika tano katika mkutano wa PyCon huko Santa Clara. Docker hufunga programu pamoja na kila kitu inachohitaji ndani ya kontena, ili ifanye kazi vilevile popote itakapotua. Nembo yake ni nyangumi mwenye makontena mgongoni. Mwenye asili ya Mombasa haelezwi mara mbili. Kabla ya kontena la chuma, lililovumishwa na Malcom McLean mwaka 1956, meli ilipakuliwa gunia kwa gunia, kreti kwa kreti, migongoni mwa hamali, na gati kama la Kilindini lilikula jasho la maelfu. Kontena lilipoenea duniani, winchi likafanya kwa saa chache kazi ya vikosi vya watu kwa siku nyingi. Hakuna aliyemuuliza hamali. Katika wingu mambo yalikuwa laini zaidi, maana hamali wa seva wengi wao ndio waliofundishwa kuandika faili, lakini si wote, na kazi ya usiku wa wikendi ambayo vijana wengi waliingilia nayo katika fani imekuwa nyembamba. Mwaka 2014 Google ikatoa Kubernetes, neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani, ya kupanga makontena hayo kwa maelfu. Moyo wake ni ileile sentensi ya Oslo: sema unavyotaka iwe, nitakagua bila kuchoka.

Shida ya kuandika ni kwamba kosa lililoandikwa nalo linatekelezwa bila kuchoka.

Tarehe 28 Februari 2017 mhandisi wa Amazon, mwenye ruhusa zote, akifuata utaratibu ulioandikwa, alitoa amri ya kuondoa seva chache katika mfumo wa kuhifadhi data uitwao S3, kule Virginia. Alikosea sehemu moja ya amri. Chombo kilichokuwa kimejengwa kufanya kazi hiyo haraka kikaifanya haraka, kikaondoa seva nyingi kuliko ilivyokusudiwa. Sehemu kubwa ya intaneti ikayumba kwa saa kama nne. Ukurasa wa Amazon wa kutangaza hitilafu nao ulishindwa kusasishwa, kwa kuwa ulitegemea S3 hiyohiyo. Nilipenda walichofanya baadaye. Taarifa yao haikumtafuta mtu wa kumlaumu. Walibadilisha chombo, kiondoe seva polepole na kikatae kushuka chini ya kiwango cha usalama. Miaka minne baadaye, jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp ilizima Kenya nzima na dunia nzima kwa saa kama sita, na unakumbuka ulikuwa wapi. Ilikuwa amri moja ya matengenezo ya kawaida, na programu iliyowekwa kuzuia amri za namna hiyo ilikuwa na kasoro, ikaipitisha.

Halafu ikaja 20 Oktoba 2025. Kwetu ilikuwa Mashujaa Dei, watu wako nyumbani. Saa tatu na dakika 48 asubuhi, saa za Nairobi, hifadhidata ya Amazon iitwayo DynamoDB, kule kule Virginia, ilianza kutopatikana. Safari hii hapakuwa na kidole cha mtu. Amazon ilikuwa na programu za kujiendesha zinazotunza kitabu cha anwani cha huduma hiyo, zaidi ya moja kwa usalama, ili moja ikichoka nyingine iendelee. Moja ikachelewa sana na mpango wa zamani mkononi. Nyingine ikamaliza mpango mpya na kuanza kusafisha ya zamani. Ile iliyochelewa ikaandika mpango wake mkuukuu juu ya mpya, na ile ya usafi, ikiona mpango mkuukuu, ikaufuta. Anwani ikabaki tupu. Jikoni lipo, stoo ipo, vyote vizima, ila kibao cha njiani hakina maandishi. Snapchat, Signal na huduma nyingine nyingi zikaanguka pamoja nayo.

Programu iliyopaswa kuona kilichopinda na kukinyoosha haikuweza, kwa sababu kwa hesabu zake haikujua tena sawa ni ipi. Anwani ya DynamoDB ilirudi saa sita na dakika 25 mchana. Ilirudishwa na mafundi, kwa mkono, na huduma nyingine zilizokuwa zimeitegemea ziliendelea kujivuta hadi usiku wa manane wetu.